Reli za msumeno na vifaa vyake: ipi ya kuanza nayo, ipi inaweza kusubiri

Anayenunua msumeno wa reli, yaani msumeno wa mviringo unaoteleza juu ya reli ya alumini ili ukate mstari ulionyooka, kwa kawaida hulinganisha nguvu ya mota, kina cha mkato na uzito, kisha huichukua reli iliyokuja kwenye boksi bila kuitazama mara mbili. Kwa maoni yetu huko ni kuanzia mwisho. Mkato unyooke au upinde, hilo huamuliwa na reli. Mota ikifa hubadilishwa, lakini fundi mwenye reli tatu, klampu nne na skwea moja za mfumo fulani hatanunua tena msumeno usiopanda kwenye reli hizo. Reli ndiyo ndoa, msumeno ni nguo.

Maamuzi ni matatu, na yafuatwe kwa mpangilio huu: umbo la reli, urefu wake, kisha vifaa. Anayeanza na skwea nzuri aliyoiona mahali hugundua baadaye kwamba haiingii kwenye mfereji wa reli yake.

Vigezo vya kupimia

Umbo. Reli nyingi zina mgongo ulioinuka katikati au pembeni, na bamba la chini la msumeno lina mfereji unaopanda juu ya mgongo huo. Upana na mahali pa mgongo hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, kwa hiyo swali la kwanza ni msumeno gani unapanda wapi.

Urefu wa ziada. Reli yenye urefu sawa na ubao haitoshi. Msumeno lazima ukae vizuri kwenye reli huku diski ikiwa bado nje ya ubao, na ufike upande wa pili kabla bamba halijapoteza mgongo. Ongeza karibu mm 300 juu ya urefu wa mkato: kama mm 180 hadi 200 mbele ya mahali pa kuanzia, zinazobaki mwishoni.

Unyoofu kwenye kiungio. Ukiunganisha reli mbili, kosa dogo hukua. Tuseme kiungio chenye urefu wa mm 300 kimekaa upande kwa mm 0.2 tu. Reli ya pili yenye mm 1400 itakuwa imetoka nje kwa karibu mm 0.9 kwenye ncha yake. Kwa rafu ya stoo hakuna atakayeliona. Kwa bodi mbili zinazogundishwa ukingo kwa ukingo, ni pengo unaloweza kupitisha karatasi kadhaa.

Kushikiliwa. Chini ya reli kuna tepe laini zinazozuia kuteleza. Zikiwa safi zinashika vizuri kwenye bodi kavu. Zikiwa na vumbi zinateleza kama sabuni.

Vifaa vinavyopatikana. Mfumo mmoja una soko kubwa la vifaa vya watengenezaji wengine, mwingine una vifaa vya kampuni yake tu.

Umbo la Festool na jamaa zake

Msumeno unaopanda. Umbo la reli za Festool za FS/2 limefuatwa na wengi. Misumeno ya Makita, Metabo, Milwaukee, HiKOKI na Triton hupanda juu yake, na reli za Makita hupokea misumeno ya Festool vilevile. Lakini kupanda si kufanana. Kwenye bamba la msumeno kuna vifundo viwili vya kurekebisha mchezo wa pembeni, na kila ukihamia reli ya kampuni nyingine vifundo hivyo vinahitaji kuguswa upya: zungusha hadi msumeno usitikisike kushoto wala kulia, lakini uendelee kuteleza kwa msukumo wa kidole. Makita pia ina kizuizi cha kupinduka kinachoshika mdomo uliochongwa kwenye reli ya Makita yenyewe. Ukiuweka msumeno huo kwenye reli ya Festool kwa mkato wa mshazari, kizuizi hakina pa kushika, na mkono wako ndio unaobaki na kazi hiyo.

Urefu na kuunganisha. Festool wana mm 800, 1080, 1400, 1900, 2424, 2700, 3000 hadi 5000. Makita wanazo pia za mm 1400 na 3000. Reli ina mifereji miwili yenye umbo la T, mmoja juu na mmoja chini, na kiungio imara hutumia vyuma viwili, kimoja katika kila mfereji. Vyuma vya zamani vina skrubu ndogo zinazobana alumini, na hapo ndipo penye makosa mengi. Anayekaza kwa nguvu zote hutengeneza kidonda kwenye alumini, upande wa pili ukainuka kidogo, na msumeno ukaanza kugonga kila unapopita hapo. Kaza hadi skrubu iguse, ongeza robo mzunguko, basi. Vyuma vipya vinavyojinyoosha vyenyewe vimepunguza shida hii, ingawa bado ni vizuri kuhakiki kwa rula.

Vifaa. Hapa mfumo huu unawapita wengine kwa mbali: skwea, miongozo sambamba (ya kupasua vipande vya upana mmoja), viungio, klampu za lever (mkono wa kubana haraka) na za skrubu, na reli zenye matundu za LR 32 ambazo ruta (mashine ya kuchonga na kutoboa mbao) hutembea juu yake kutoboa matundu ya rafu kila mm 32.

Inamfaa anayetaka uhuru wa kubadili msumeno siku za mbele, na mtengeneza makabati anayehitaji vifaa vingi maalumu. Haimfai anayetarajia kila kifaa kilichoandikwa kwamba kinaingia kiingie bila kurekebishwa. Tofauti ndogo za upana wa mfereji kati ya kampuni na kampuni zipo, na skwea iliyokaa imara kwenye reli moja inaweza kucheza kwenye nyingine.

Umbo la Bosch na Mafell

Msumeno unaopanda. Kampuni hizi mbili hutumia reli moja: zile za FSN upande wa Bosch na za F upande wa Mafell. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba baadhi ya misumeno ya kawaida ya mviringo ya Bosch, ile yenye herufi G mwishoni mwa jina kama GKS 18V-57 G, ina bamba linalopanda moja kwa moja kwenye reli hizi. Fundi mwenye msumeno wa aina hiyo hahitaji msumeno wa kuzamisha, ule ambao diski yake hushushwa ndani ya mbao kutoka juu, ili aanze kutumia reli.

Urefu na kuunganisha. Kuna mm 800, 1100, 1600, 2100 na 3100. Kiungio huingia ndani ya umbo la reli na kuzivuta reli mbili zinyooke, na kwa hili mfumo huu una sifa ya kweli: reli mbili za mm 1600 zikiunganishwa hukaribia sana kuwa kama moja. Hiyo ni mm 3200, zaidi ya unachohitaji kwa bodi nzima ya mm 2440, na kila kipande bado kinaingia kwenye gari dogo.

Vifaa. Klampu, skwea ya pembe na mfuko wa kubebea vipo kutoka kwa kampuni zenyewe. Vya watengenezaji wengine vipo vichache kuliko vya umbo la Festool, na miongozo sambamba ya hali ya juu huja ikiwa na vipande vya kuiunganishia ambavyo lazima uhakikishe ni vya umbo hili.

Inamfaa anayefanya kazi nje ya karakana, mahali pa kufunga milango na sakafu, anayeunganisha na kuvunja reli mara nyingi kwa siku. Anayejaza karakana kwa vifaa maalumu ataona soko ni dogo.

Umbo la DeWalt

Msumeno unaopanda. DeWalt wana mfumo wao. Mgongo uko katikati na reli ina kingo mbili za kukatia, kila mmoja na utepe wake (ukanda laini wa ukingoni ambao diski huukata mara ya kwanza, nao ukaonyesha hasa inapopita), kwa hiyo msumeno hukata upande wowote bila kuigeuza reli. Jambo hili lina thamani kuliko linavyoonekana. Unaweza kukata utepe wa upande mmoja kwa diski iliyosimama wima, na wa pili kwa diski iliyolazwa mshazari, na tepe zote zikabaki sahihi. Au misumeno miwili tofauti ikagawana kingo mbili za reli moja.

Urefu na kuunganisha. Kuna za mita 1.0, 1.5 na 2.6. Ile ya mita 2.6 kwa bodi ya mm 2440 inaacha mm 160 tu za ziada. Inatosha kwa mkono uliozoea kuzamisha diski karibu na ukingo. Kwa mwanafunzi ni finyu. Kuunganisha za mita 1.5 mbili kunatoa nafasi ya kutosha.

Vifaa. Vya kampuni na vichache vya wengine. Skwea nyingi zilizoundwa kwa umbo la Festool hazikai hapa.

Inamfaa aliye tayari na betri na mashine za kampuni hiyo, na anayepasua sana bodi katika nafasi finyu ambako kuzunguka meza ni shida.

Reli ya kujitengenezea

Usiidharau. Chukua kipande cha MDF au plaiwudi ya mm 6 hadi 9, upana kama mm 300, na juu yake gundisha kipande cha mm 18 kilichokatwa kutoka ukingo wa kiwandani wa bodi mpya, kwani ukingo huo ndio unyoofu pekee unaoupata bure. Acha upande mmoja upana unaozidi umbali kati ya ukingo wa bamba la msumeno wako na diski. Pitisha msumeno mara moja ukiegemea kipande cha juu. Ziada hukatika, na ukingo uliobaki ndio mstari wako.

Msumeno unaopanda: wowote wa mviringo, lakini ule mmoja tu ulioikata reli hiyo, na kwa diski ileile. Kuunganisha: hakuna, tengeneza ya urefu unaouhitaji. Vifaa: klampu za kawaida, zikikaa mahali ambapo mota haitazigonga. Upungufu wake ni kwamba msumeno unaegemea upande mmoja tu, ukilegea mkono unatoka nje ya mstari, na unene wa MDF unakula kina cha mkato. MDF pia huvimba ikipata unyevu na mstari ukapinda bila kukuaga. Kati ya reli hii na ile ya kiwandani kuna mifumo kama Kreg Accu-Cut, ambapo msumeno wa kawaida hufungwa kwenye sleji inayopanda reli ya alumini.

Inamfaa anayekata bodi chache kwa mwezi, au anayetaka kujua kama kazi yake inahitaji mfumo huu kabla ya kuingia gharama.

Reli moja ndefu au mbili za kuunganisha

Hapa ndipo watu hubishana sana, na pande zote mbili zina hoja.

Reli moja ya mm 2700 au 3000 haina kiungio cha kukosea. Inawekwa, inakatwa, inaondolewa. Matatizo yake yako nje ya mkato: haiingii kwenye gari la kawaida, haiingii kwenye lifti, na ikianguka kwa ncha hupata kovu ambalo msumeno hukwama hapo. Ikisimamishwa kuegemea kona miezi mingi, inaweza kuchukua mpindo. Ihifadhiwe ikiwa imelala tambarare, au imening'inizwa wima kwenye tundu la ncha.

Reli mbili za mm 1400 zikiunganishwa ni mm 2800, zinatosha bodi nzima na zinaacha ziada ya mm 360. Zikitengana, moja peke yake inakata upana wa mm 1220 na kuacha mm 180, kadiri ya chini kabisa ya starehe. Za mm 1500 au 1600 zinatoa nafasi nzuri zaidi. Gharama ya njia hii ni dakika tatu au nne za kuunganisha kwa uangalifu kila mara, na nidhamu ya kutoruka hatua:

1. Safisha mifereji yote miwili. Punje moja ya vumbi chini ya chuma cha kiungio inatosha kuipindisha reli.
2. Ingiza viungio na ulete reli pamoja, lakini acha mwanya wa kama nusu milimita hadi moja. Ncha za reli hazikatwi kuwa skwea kamili, na zikisukumana ndizo zitakazoamua pembe badala ya rula yako.
3. Laza reli kwenye uso tambarare, bandika rula ya chuma ya angalau mita moja, au reli nyingine fupi, kwenye ukingo wa nyuma wa reli. Usitumie utepe wa mpira kama kipimo.
4. Kaza skrubu za reli moja, kisha za nyingine, ukirudi kuangalia rula baada ya kila skrubu.
5. Pitisha msumeno uliozimwa juu ya kiungio. Ukigonga, kuna skrubu iliyokazwa kupita kiasi au mgongo mmoja umekaa juu.

Kosa la siri lipo kwenye tepe za ukingo. Kama tepe za reli mbili zilikatwa siku tofauti kwa vifundo vilivyowekwa tofauti, patakuwa na ngazi ndogo pale zinapokutana, na wewe utaipanga reli kwa utepe wa upande mmoja na kukosea upande wa pili. Zikate zote mbili siku moja kwa msumeno mmoja. Na kiungio kikae katikati ya bodi, palipo na kitu chini yake, kamwe kisiwe pale msumeno unapoanzia.

Njia ya tatu, ambayo wenye karakana wengi huishia nayo: reli moja ndefu inayokaa palepale, na moja ya mm 1400 hadi 1600 kwa kukatiza upana. Ya kuunganisha inabaki ya safari.

Utepe na tepe za chini: kifaa cha kwanza kabisa

Kabla ya skwea au miongozo, nunua utepe wa akiba. Utepe wa ukingo una kazi mbili: unaonyesha hasa diski inapopita, na unakandamiza nyuzi za mbao zisichanike upande unaobaki. Ukishakuwa na meno meno, au ukikatwa na diski iliyolala vibaya, kazi zote mbili zimekwisha, na melamini, bodi yenye ngozi ngumu inayomeguka kirahisi, ndiyo itakayokuonyesha kwa vipande vilivyomeguka.

Kubadilisha: vua wa zamani, ondoa gundi iliyobaki kwa kiyeyushi kisichoacha mafuta, kausha, kisha bandika mpya bila kuuvuta. Utepe uliovutwa hurudi nyuma baada ya siku kadhaa na kuacha ncha za reli wazi. Rekebisha vifundo kwanza, weka reli juu ya kipande cha mbao kisicho na kazi, weka mwendo wa juu wa mota, kina kidogo tu kupita utepe, na pitisha kwa mwendo mmoja bila kusimama. Ukisimama katikati, diski itatia kijongo hapo.

Utepe ukatwe upya pia unapobadili aina ya diski. Diski yenye unene wa mkato wa mm 2.2 na yenye mm 1.8 hazipiti mstari mmoja. Kubadili kati ya hizo mbili mara kwa mara kwenye reli moja ni kula utepe bila faida. Afadhali reli mbili.

Tepe za chini zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Tepe za juu, zile ambazo msumeno hutelezea, zipakwe nta isiyo na silikoni. Silikoni ikigusa mbao, rangi na vanishi hukataa kushika hapo na kuacha madoadoa kama macho ya samaki.

Klampu

Kuna za skrubu na za lever. Zote huingia kwenye mfereji wa chini wa reli, kwa hiyo msumeno hupita juu bila kuzigusa. Za skrubu hubana kwa nguvu zaidi na hazilegei kwa mtikisiko. Za lever ni za haraka, na kwa bodi inayokatwa mara ishirini kwa siku tofauti hiyo inahesabika. Mbili zinatosha reli yoyote.

Swali la kweli ni lini zinahitajika. Kwa plaiwudi kavu na tepe safi, mkato wa wima haudai klampu. Mshazari unadai. Msumeno unapolazwa, uzito wake huhamia upande wa diski na hutaka kupinduka nje ya reli. Bodi laini yenye vumbi huteleza. Na kipande chembamba kinachobeba reli isiyokaa yote juu yake huinama. Pia tazama taya ya chini ya klampu: kwenye nyuzi 45, diski huingia chini ya reli kwa kiasi sawa na unene wa mbao. Ubao wa mm 38 unamaanisha diski itatokea mm 38 ndani ya ukingo wa reli. Taya iliyokaa hapo italiwa.

Skwea ya reli

Hushika kwenye mfereji wa reli na kuegemea ukingo wa bodi, reli ikakaa nyuzi 90 bila kupiga mistari miwili. Kwa anayekatiza pande za makabati kwa wingi, ni kifaa kinachookoa muda mwingi zaidi kuliko vyote hapa.

Kinapokosea: kosa la mm 0.1 kwenye mkono wa mm 400 linakuwa mm 0.3 kwenye mkato wa mm 1200. Mkono mrefu kwa hiyo ni bora kuliko mfupi, na uimara wa kushika ni bora kuliko urembo. Na skwea hunakili ukingo inaoegemea. Ukingo uliopinda hutoa mkato uliopinda kwa uaminifu wote. Jaribu mpya hivi: kata bodi yenye kingo mbili zilizo sambamba, geuza kipande kimoja juu chini, viegemeze vyote viwili kwenye rula moja na usogeze kingo zilizokatwa zikutane. Pengo utakaloliona ni mara mbili ya kosa.

Wanaokata vipande vichache kwa wiki wanaweza kubaki na penseli kali na skwea kubwa ya kawaida.

Miongozo sambamba

Hizi ni nyenzo mbili zinazofungwa kwenye reli, kila moja na kituo kinachoegemea ukingo wa bodi, ili vipande kumi vya mm 580 vipasuliwe bila kupima mara kumi. Zikiwekwa sahihi, hushindana na msumeno wa meza. Urekebishaji ndio roho yake: pasua kipande cha majaribio, pima ncha zote mbili kwa kalipa, na usogeze alama ya mwongozo uliokosea. Ukipima ncha moja tu, unaweza kupata vipande vya kabari vyenye upana sahihi mbele na usio sahihi nyuma.

Udhaifu wake ni vipande vyembamba. Upana wa reli za umbo la Festool ni karibu sm 18 hadi 19, na chini ya hapo reli inaning'inia. Kuna miongozo yenye mpangilio maalumu wa vipande vyembamba. Isiyo nao inahitaji bodi ya unene uleule kuwekwa chini ya reli kama msaada. Ukingo wa kwanza wa bodi lazima uwe umenyooshwa, la sivyo miongozo yote miwili inafuata kosa lilelile.

Inamfaa asiye na nafasi ya msumeno wa meza. Aliye nao ataitumia mara chache.

Benchi yenye matundu

Uso wenye matundu ya mm 20 yaliyopangwa kila mm 96, kama wa benchi ya MFT ya Festool, hupokea vigingi ambavyo bodi huegemea, na reli ikakaa skwea kwa vigingi vingine au bawaba. Kwa vipande vidogo na vya kati hakuna kilicho haraka kuliko hii. Kwa bodi nzima haisaidii kitu. Hiyo ikatwe chini, juu ya povu gumu la mm 50 linalobeba bodi yote, kina kikiwa unene wa bodi na reli pamoja na mm 2 hadi 3.

Usahihi wake uko kwenye matundu. Yakitobolewa kwa mkono bila kiolezo, skwea yote inapotea. Vigingi vinavyolegea ndani ya matundu yaliyopanuka kwa matumizi ni ugonjwa wa kawaida wa nyuso za MDF baada ya muda.

Kwa hali yako

Bodi nzima nyingi, karakana ya kudumu: reli moja ya mm 2700 hadi 3100 na nyingine ya mm 1400 hadi 1600, pamoja na skwea. Miongozo sambamba ije kama huna msumeno wa meza.

Kazi za nje, gari dogo, ghorofani: reli mbili za mm 1400 hadi 1600 na viungio viwili, rula ya mita moja kwenye mfuko, klampu mbili za lever. Kama bado hujanunua msumeno, tazama umbo la Bosch na Mafell kwanza kwa ajili ya kiungio.

Milango: reli ya takribani mm 2400 inakata mlango wa mm 2100 kwa raha, haina kiungio, na ni fupi kuliko zile za bodi nzima. Klampu mbili za skrubu. Kupunguza mm 2 chini ya mlango ni kazi ambayo reli ikiteleza mara moja mlango umeharibika.

Makabati ya matundu ya rafu: umbo la Festool na jamaa zake, kwa sababu ya reli ya LR 32 na ruta.

Mishazari mingi: umbo la DeWalt kwa kingo zake mbili, au msumeno wa Makita kwenye reli ya Makita kwa kizuizi chake, au, kwa mfumo wowote ulionao, reli fupi ya pili ambayo utepe wake umekatwa kwa nyuzi 45 na haitumiki kwa kitu kingine.

Misumeno miwili ya kampuni tofauti kwenye umbo moja: usiikalishe kwenye reli moja. Kila mmoja una mstari wake wa utepe, na wa pili utakula utepe wa kwanza au kuuacha nje kwa milimita.

Bodi mbili au tatu kwa mwezi: reli ya MDF, klampu mbili za kawaida, na diski mpya yenye meno mengi. Diski hiyo itabadilisha ubora wa ukingo kuliko reli yoyote ya alumini inayotumiwa na diski butu.

Reli iliyotumika: ikague kabla ya kulipa. Weka alama mbili kwenye ubao, moja kila ncha, panga ukingo wa nyuma wa reli kwenye alama hizo na upige mstari kwa penseli kali. Izungushe reli nyuzi 180 bila kuigeuza chini juu, ipange kwenye alama zilezile na upige mstari wa pili. Mistari ikiachana katikati, nusu ya pengo ndiyo mpindo. Kisha pitisha kidole kwenye mgongo wote kutafuta makovu, na utazame mifereji kama ina vidonda vya skrubu. Utepe ulioisha ni jambo dogo, mgongo ulioinuka haurekebishiki.